Pombe Ambayo Haikuonjwa

Uvumi ulianzia kwenye bomba la maji nyuma ya soko la Mpanda, pale ambapo habari hujaa kabla ndoo haijajaa.

"Ile pombe haikuonjwa."

Basi, ni hayo tu. Aliyeyasema alikuwa mwanamke wa Litapunga aliyeleta muhogo sokoni. Alipogeuka akaona viatu vyeusi vya polisi chini ya kanga ya mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akanyanyua ndoo yake ikiwa nusu, akaondoka bila kuaga. Viatu vilikuwa vya Sajini Hilaria. Naye alikuja kuteka maji kama mama yeyote, maana hata ukiwa askari watoto nyumbani hawaachi kuona kiu. Alirudi, akakoroga uji, akamfokea binti yake Jeniffer kwa kuimba badala ya kuosha vyombo. Lakini maneno yale yalimganda kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Kwa sababu pombe ile ilionjwa. Hilaria aliona kwa macho yake mwenyewe, kwenye televisheni iliyoletwa ofisini kwa Inspekta.

Nieleze taratibu, asipotee mtu.

Katuma Roki ilikuwa bendi kongwe. Ndiyo iliyopiga kwenye harusi za mama zetu. Mwimbaji wake, Eustace, Mpimbwe mwenye mvi hadi kidevuni, bado alivaa suruali ya ngozi kwenye joto la Oktoba, na watu wakamwita Mzee Roki. Mwaka ule wa 1997 alikuja Sudi Kitwana kutoka Dar es Salaam, ana kamera, ana taa, ana jenereta, anataka kutengeneza filamu ya maisha ya bendi ile. Likaandaliwa onyesho moja kubwa ukumbini, Jumamosi alasiri. Filamu ianze na ukaribisho: mama wa Litapunga, kule wanakoishi ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, apande jukwaani na mtungi wa pombe ya mtama, Mzee Roki anywe kwa mrija, halafu magitaa yalie.

Alikunywa. Magitaa yakalia. Wimbo wa pili haukuisha. Mzee Roki alianguka akiwa na kipaza sauti mkononi, mate yanamtoka kama mtoto anayeota meno, na kamera inaendelea kuzunguka.

Daktari alisema ni sumu, ya jamii ya dawa wanayopulizia tumbaku. Inspekta Josephat akachukua pombe iliyobaki mtungini akawamwagia kuku wa kituoni. Kuku wakanywa, wakalewa, kesho yake wakaamka wakataga. Tena kwenye kanda yule mama anaonekana kabisa akionja kwanza, kama ilivyo desturi ya kwao: anayekaribisha hutangulia kumeza, ili mgeni ajue hakuna ubaya. Basi pombe ikaondolewa lawama. Ikabaki bilauri ya maji, ambayo kijana Arcade, mpiga gitaa, alimpa Mzee Roki katikati ya nyimbo. Bilauri yenyewe ilikanyagwa kwenye vurugu. Na Arcade alishawahi kumwambia mzee yule mbele ya watu: "Siku utakayokufa, sitalia." Unataka nini tena? Alikuwa mahabusu tangu Jumamosi, na siku hiyo ya uvumi, Jumatatu, gari la kumpeleka Sumbawanga kwenye kesi ya kunyongwa lilikuwa linatiwa mafuta, liondoke alasiri.

Hilaria alipofika kituoni alimkuta Optatus getini. Huyu ndiye mpiga ngoma wa bendi, mdogo wake Eustace, toka nitoke. Amekaa juu ya jiwe na wenzake, anajipigapiga gotini na kipande cha nondo.

"Shikamoo dada," alisema Optatus. "Mtoeni tu huyo."

"Atatoka kwa gari la serikali."

"Nyie mtamlisha ugali miaka mitatu ndo mumnyonge. Sisi ni leo. Kaka yangu hajaoza bado, na muuaji anakula."

"Weka hiyo nondo chini, Optatus."

"Ni ya kupigia ngoma hii."

Wenzake wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi.

Ndani, Arcade alikuwa amekaa sakafuni, mikono juu ya magoti, vidole virefu vinacheza peke yao kama vinatafuta nyuzi.

"Ulimpa maji?" Hilaria hakukaa.

"Nilimpa, afande. Aliomba mwenyewe. Alisema koo linamwaka."

"Linamwaka kabla ya maji?"

"Ndo maana akaomba maji."

"Ulimwambia Inspekta hivyo?"

"Inspekta alisema nijibu swali. Nilimpa au sikumpa. Nikajibu nilimpa."

Hilaria aliuma mdomo. Mtu koo linamwaka kwanza, halafu ndiyo anapewa sumu? Sumu gani hiyo inayotanguliza salamu?

"Ulisema akifa hutalia."

"Na sikulia."

"Kwa nini?"

Kijana akainama.

"Haya, tuache hilo. Sudi analalamika umemharibia picha. Bendi nzima mna majaketi mekundu, wewe peke yako umesimama na shati. Jaketi lako liko wapi?"

"Nilimfunika nalo mtu."

"Nani?"

"Msichana mmoja. Mwaka jana. Alikuwa anatetemeka."

Akasimulia huku anatazama ukuta. Msichana aliitwa Emelyne, aliimba kwaya, na Mzee Roki alimwahidi kumpeleka Dar es Salaam arekodi. Dar yenyewe ikawa Sitalike, chumba cha kupanga karibu na mbuga, mpaka tumbo likaonekana. Mzee akamletea mizizi ya kunywa. Binti akaanza kutoka damu, na mzee akapanda roli akaenda kupiga muziki kwingine.

"Mimi ndo nikampakia kwenye baiskeli mpaka kwao Litapunga. Alinielekeza mwenyewe: nyumba yenye ua wa minyaa, jirani na kanisa. Nikamkalisha mlangoni, nikamfunika jaketi, nikapiga hodi."

"Akatoka nani?"

"Sikungoja, afande." Sauti ilishuka. "Wewe fikiria. Mwanabendi anatokea na binti wa watu ana damu mpaka viatuni. Nani angeniuliza vizuri? Nilikimbia. Hata rozari ya marehemu mama yangu ilibaki kwenye mfuko wa ndani, sikurudi kuichukua. Baadaye nikasikia amekufa."

Hilaria aliandika jina la Emelyne, akatoka. Sababu ya kuua ilikuwepo, tena kubwa. Ila ilikuwa sababu ya watu zaidi ya mmoja.

Sudi Kitwana alikuwa amepanga gesti karibu na stesheni ya treni. Chumba kizima kilikuwa nyaya, na mezani mashine mbili za kanda zimekaa ubavu kwa ubavu kama mitungi ya pacha.

"Karibu afande, angalia usikanyage waya. Mambo yote yapo hapa. Filamu ilikuwa ya maisha, sasa imekuwa ya msiba, lakini itauza, wallahi."

"Nionyeshe pale mama anapoonja."

"Si mmeona jamani?"

"Nionyeshe tena."

Kanda ikazunguka. Yule mama anainama, anavuta mrija, anameza, anajifuta kwa ncha ya kitenge. Halafu Mzee Roki anainama, anavuta, anainua kidole gumba. Ukumbi unapiga vigelegele.

"Rudisha. Hapo. Simamisha."

Hilaria alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Yeye mwenyewe alikulia kwenye nyumba ya kuuza pombe, na alijua mtungi unavyofungwa shingoni na jani la mgomba lisije povu likamwagika.

"Mama anapoonja, mtungi una jani shingoni," alisema. "Peleka mbele. Mzee anapokunywa, jani hakuna. Nani amelifungua?"

Sudi akakohoa.

"Na mrija. Huu alioonja nao una kifundo karibu na mdomo. Huu wa mzee umenyooka. Mwanangu, mtu anapokea mrija kutoka mkono mpaka mkono, kifundo kinanyooka chenyewe?"

"Ah, afande. Hiyo ni kushona tu."

"Kushona nini?"

"Filamu yote ni kushona. Ngoja nikueleze. Tulipiga mara mbili. Mara ya kwanza mama alionja vizuri kabisa, lakini mzee kabla hajanywa jenereta likazima. Giza. Nikasema turudie. Mama akatoka nje na mtungi, akarudi. Mara ya pili mzee akanywa vizuri, ila mama alisahau kuonja. Sasa mimi nimeambiwa desturi yao ni kuonja. Nikaona nitamwaibisha mama wa watu kwenye filamu. Nikachukua kuonja kwa kwanza, nikakuunga na kunywa kwa pili. Kwa heshima tu."

"Kwa heshima."

"Kabisa."

"Na Inspekta ukampa iliyounganishwa."

"Alisema anataka iliyo safi!"

"Ukumbi mzima uliona mara ya pili. Mbona hakuna aliyesema?"

"Mimi nitajuaje? Labda walisikia kanda ya polisi inaonyesha ameonja. Nani abishane na kanda, afande? Tena wale wa Litapunga, wakiona kofia ya polisi tu wanaanza kutafuta vibali vyao."

Hilaria alikumbuka ndoo iliyobebwa ikiwa nusu.

"Lete ambayo haijashonwa."

Sudi akatafuta, akaweka. Picha ilitikisika, ikatulia. Yule mama anarudi jukwaani na mtungi usio na jani. Anapiga magoti. Mrija wa kwanza haupo. Anachomoa mwingine kwenye pindo la kitenge, anautumbukiza, anamshikisha Mzee Roki kwa mikono miwili. Haonji. Anasema, na sauti imenaswa wazi: "Kunywa baba. Huu ni wako peke yako." Mzee anatazama kamera, anatabasamu, anavuta. Na mama hatazami kamera. Anatazama koo la mzee, mpaka limeze.

Sumu haikuwa mtungini. Ilipakwa ndani ya mrija. Ndiyo maana kuku walipona.

"Anaitwa nani huyu mama?"

"Libérate. Alijitolea mwenyewe, hata kabla sijamaliza kutafuta. Wenzake wanamwita Mama Emelyne."

"Mama nani?"

"Emelyne. Kwani vipi?"

Hilaria alishaifunga kanda kwenye kanga.

Alipita kituoni kuomba gari lisiondoke. Inspekta Josephat hayupo, ameenda kula. Akamwachia maneno askari wa zamu, akachukua pikipiki ya ofisi, vumbi la Litapunga likampaka uso mzima.

Nyumba yenye ua wa minyaa, jirani na kanisa, haikumpa shida. Libérate alikuwa uani anapepeta maharage. Mwanamke mkavu, mrefu, kitenge kilekile cha kwenye kanda.

"Karibu afande. Kaa hapo kwenye kigoda."

"Asante, Mama Emelyne. Nimekuja kwa ile pombe."

"Niliionja." Ungo haukusimama. "Iko kwenye sinema."

"Nimeona sinema nzima. Na ile ambayo haikushonwa."

Ungo ukasimama.

"Mrija uko wapi?" Hilaria aliuliza.

"Nimeuchoma, umeivisha maharage."

"Alikujua?"

"Nani, yeye?" Libérate alicheka kidogo, kicheko kilichokauka. "Mtu anayekula vifaranga anamjua kuku? Nilimpigia magoti, akaniambia mama umependeza. Alikuwa anaangalia mashine ile. Wakati jenereta imezima nilikuwa nimeshakata tamaa, nikasema Mungu hataki. Mgeni wa Dar akasema rudieni. Nikasema, kumbe anataka."

"Kijana Arcade anapelekwa Sumbawanga sasa hivi. Watamnyonga kwa kazi yako."

"Wamnyonge."

"Hakufanya kitu."

"Alikuwa bendi moja na yule. Walikula sahani moja, wakacheka pamoja. Mimi nilitaka mmoja, Mungu kanipa nyongeza. Nani alinipa mimi nyongeza? Nilikuwa na mtoto mmoja tu."

Akachukua ungo wake tena. Hilaria alitazama ndani kupitia mlango ulio wazi. Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiwa. Kwenye msumari juu ya kitanda, jaketi jekundu.

"Na lile?"

"La mmoja wao. Nilitoka kisimani asubuhi nikamkuta mwanangu ametupwa mlangoni kama gunia, na hilo limetupwa juu yake. Hakusema neno mpaka alipokata roho. Kila nikiamka nalitazama, nisije nikasamehe."

"Umewahi kutia mkono mfukoni?"

"Kitu chao nikipekue cha nini? Nililishika kwa kijiti kulitundika."

"Kalete, mama. Tia mkono mfuko wa ndani."

Libérate aliweka ungo kando. Halafu alisimama, akaingia, akarudi nalo amelishika kwa ncha za vidole. Akatia mkono. Ulipotoka ulikuwa na rozari ya mbegu, msalaba wake umefungwa na uzi mweusi.

"Ni ya marehemu mama yake Arcade," Hilaria alisema. "Ameniambia asubuhi ya leo mahali ilipo, kabla sijajua nyumba hii ni ya nani. Yule mzee alimwacha mwanao Sitalike, akaondoka na roli. Arcade ndiye aliyempakia kwenye baiskeli, njia yote ile, mpaka hapa. Hakumtupa. Alimkalisha, akamfunika, akapiga hodi."

"Mbona hakuingia?"

"Aliogopa. Kama unavyomwona wewe, alijua hivyo ndivyo utakavyomwona."

Mguu wake ulirudi nyuma ukaugonga ungo, maharage yakamwagika. Libérate hakuinama kuyaokota. Alikaa chini kwenye vumbi, rozari imemzunguka vidoleni, akaanza kuvuta pumzi kama mwenye uchungu wa kuzaa.

"Afande, una binti?"

"Ninaye. Anaimba."

"Angekuwa wa kwako, ungefanyaje?"

Swali lile halikuingia kwenye maelezo ya polisi. Sajini alimwambia tu, "Simama, mama. Gari linaondoka."

Libérate alinawa uso. Akafunga mlango, akampa jirani ufunguo na kumwambia kuku hawajala. Akapanda nyuma ya pikipiki, jaketi amelipakata.

Waliwahi gari. Hawakuwahi Arcade.

Askari wa zamu hakuthubutu kuzuia gari bila amri ya Inspekta, alikuwa amemtoa nje kumpakia, pingu mikononi, na geti limefunguliwa dereva atoke. Optatus alihitaji hatua chache tu kumfikia na nondo. Hilaria alipozima pikipiki, askari walikuwa wamemlaza Optatus kifudifudi, nondo imeanguka pembeni, na Arcade amepiga magoti ameukumbatia mkono wake wa kushoto, ule unaobana nyuzi. Vidole vilikuwa vimeangalia pande ambazo vidole haviangalii.

"Mniachie nimalize!" Optatus alipiga kelele mdomo ukiwa mchangani. "Kaka yangu ndo amekufa, si kaka yenu!"

Umati ulikuwa unasogea. Mmoja alishaokota jiwe. Libérate akapita katikati yao.

"Mama, kaa pembeni wewe," mtu alimwambia. "Tunamalizana na muuaji."

"Muuaji ni mimi."

Hakupaza sauti, ila wa mbele walisikia na wa nyuma wakauliza, na aliyeuliza akaambiwa. Jiwe likaanguka lenyewe. Optatus aliinua shingo, akamtazama mwanamke yule, akautazama mkono wa Arcade, halafu akalaza shavu mchangani akafumba macho.

Inspekta Josephat alikuwa amefika, meno yana nyama bado. "Sajini, hii ni nini?"

"Ni kanda ambayo haijashonwa, afande," Hilaria alisema, akamkabidhi.

Libérate aliinama mbele ya Arcade. Akamfunika jaketi mabegani, akalivuta mbele kama mama anavyomfunika mtoto mwenye homa. Rozari akamvisha shingoni, maana mkono haukuwa wa kupokea kitu.

"Ni wewe uliyemkalisha mwanangu?"

Kijana alitikisa kichwa kukubali. "Nilipiga hodi, mama."

"Sikusikia, baba. Nilikuwa kisimani."

Halafu akanyoosha mikono yake miwili kwa Hilaria, na pingu ikatolewa kwa Arcade ikafungwa kwake, ingali na joto.

Jioni ile Hilaria alipofika nyumbani, Jeniffer alikuwa anaimba. Safari hii hakumfokea. Alimwita wakae, akamwambia mambo ya kuepuka, na mimi nayaweka hapa yalivyo, kwa kila binti na kila mzazi wake:

Usimfuate mwanamuziki kwa ahadi ya kurekodi, hata awe na mvi, hata mama yako alicheza nyimbo zake.

Usinywe dawa ya mizizi kwa kuficha mimba. Rudi nyumbani na tumbo lako. Utafokewa, lakini utakuwa hai.

Usipokee cha kunywa ambacho aliyekupa hajakionja, hata watu wote wanakutazama.

Usiamini kila unachoonyeshwa kwenye televisheni. Kuna aliyekikata.

Usiseme bombani jambo ambalo huthubutu kulisema kituoni.

Usimkalishe mgonjwa mlangoni kwa watu ukakimbia. Piga hodi, ungoje.

Usilipe kisasi kwa mtu kwa sababu tu amevaa jaketi moja na aliyekukosea.

Na kitu cha adui yako, kabla hujakitundika ukutani, tia mkono mfukoni.